Kishikio Kinachofungwa kwa Kwenda Juu

Ghorofa ya chini, mlango wa pili kushoto,
Jumapili, tarehe tisa mwezi wa tatu,
mwaka wa arobaini na tatu tangu tuondoke.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mkaza mjomba wako, ambaye yuko hapa kando yangu akikunja taulo, akilikunjua, akilikunja tena. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na baba watoto na wanao wote. Mama yako je? Magoti yanamruhusu kuinuka mwenyewe? Kile kikohozi cha asubuhi kimepungua? Nakuuliza wewe kwa sababu najua nikimuuliza yeye atajibu "sijambo" hata akiwa hawezi kunyanyua kichwa.

Mimi sijambo kwa umri wangu. Macho yamepungua, nasoma kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na nikitoka hivyo dukani watoto wa mtaani huniita Darubini. Kazi ya kujalidi vitabu pale maktaba niliiacha zamani, lakini vifaa vyangu ninavyo bado: visu, gundi, sindano, vipande vya ngozi. Hali ya mkaza mjomba wako nitakueleza mbele kidogo. Usirukie huko, najua tabia yako.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Uliuliza kama mtu anayeuliza kitu kidogo: kwamba kishikio cha dirisha la chumba changu kimelegea, kinaanguka chenyewe na dirisha linafunguka, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia babu yako mbao, nikuambie la kufanya. Nikujibu hilo kwanza, maana umesema mvua zimekaribia.

Shika kishikio ukitikise. Ukiona bamba lake lote linacheza juu ya mbao, ugonjwa uko kwenye matundu ya skrubu. Ukiona bamba limetulia na mkono wake tu ndio unaocheza, ugonjwa uko kwenye nati. Hicho cha kwetu, kwa ulivyoeleza, kina magonjwa yote mawili, kama mwenye chumba.

Fungua skrubu, usizitupe hata kama zimeshika kutu, uende nazo dukani wakupimie unene. Matundu utayakuta yamepanuka, mbao imekuwa unga. Kwangua unga huo. Chukua njiti za kiberiti, uzikate vichwa, uzipake gundi ya mbao, uzishindilie ndani ya tundu mpaka zigome. Ziache kutwa nzima, na usimsikilize mtu atakayekuambia gundi imeshashika. Kesho yake kata zilizochomoza ziwe sawa na mbao, ndipo utie skrubu mpya, unene ule ule lakini ndefu kidogo. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Mashine ya umeme itazipasua mbao hizo, ni kavu na ni za zamani.

Nati iko nyuma ya bamba. Chini yake palikuwa na washa ya chuma, sasa itakuwa imesagika. Usihangaike kutafuta nyingine. Kata kiduara cha ngozi kutoka kwenye kiatu kizee, ukubwa wa kifungo cha shati, ukitoboe katikati, ukisugue kwa nta ya mshumaa, ukiweke chini ya nati kisha ukaze. Ngozi huuma chuma bila kukikwaruza. Hilo nililijua kwenye kujalidi vitabu, halikutoka kwa babu yako. Ukitaka kujua kama umekaza vya kutosha, inua kishikio ukiache nusu njia. Kikibaki hapo hapo hewani, umemaliza. Kikishuka hata kidogo, kaza tena. Na kile kibati cha kwenye fremu ambacho ulimi wa kishikio hukamatia, kikiwa kimelika, weka kipande cha bati la kopo nyuma yake kisogee mbele.

Lakini usikigeuze. Fundi uliyemwita alitaka kukigeuza, na kwa haki yake ya ufundi alikuwa sahihi. Wewe umekulia humo, huenda hata hujui kwamba kwa watu wengine vishikio vya namna hii hufungwa kwa kushushwa. Kwetu hufungwa kwa kuinuliwa. Ndiyo maana kikilegea huanguka kwa uzito wake na dirisha likafunguka; kingekuwa kimefungwa kama cha watu, kingelegea na kubaki kimening'inia bila madhara.

Ilikuwa hivi. Babu yako, kama unavyojua, mtaa mzima ulimwita Sentimita, kwa sababu alikuwa tayari kubomoa kabati zima kwa ajili ya upana wa ukucha. Nyumba ilipofika kwenye madirisha, mvua zilikuwa mlangoni kama sasa. Akaenda kuchukua sanduku la vishikio, akarudi mbio, akalifungua: vyote ni vya kushoto, na madirisha yetu yote yanafungukia kulia. Kurudi dukani ni mwendo wa kutwa, na mawingu hayo hapo. Basi akakigeuza cha kwanza kichwa chini miguu juu, akaona ulimi unakamata vizuri, akafunga vyote hivyo hivyo. Mama yangu alipoingia alisimama katikati ya sebule akavitazama. "Baba watoto," akasema, "mbona vishikio vyako vimeinua mikono? Vimekamatwa na nani?" Baba hakuinua hata macho. "Ni mtindo," akajibu. Na ukawa mtindo. Hakuna aliyethubutu kuuita kosa mpaka anaingia kaburini.

Matokeo yake unayajua kwa mama yako, ingawa labda hukujua sababu. Sisi tuliokulia humo tunaharibu madirisha ya watu. Mkono unakwenda juu kabla kichwa hakijafikiri. Maktaba walikuwa wananipigia kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi, "Wewe, shusha!" Kila nyumba tuliyopanga huku nimeilegeza vishikio, na kila nyumba nikajifunza upya kutia njiti za kiberiti. Mke wangu ndiye alikuwa mlinzi wangu. Akiniona nalielekea dirisha hunipiga kofi la mkononi: "Shusha, bwana! Huku si kwa Sentimita."

Nimecheka sana uliposimulia fundi wako alivyofukuzwa. Nimemsikia mama yako kabisa, na ufagio wake: "Kijana, umezaliwa juzi, dirisha hili linajua kazi yake kuliko wewe." Mwombe fundi radhi kwa niaba ya ukoo.

Sasa nikuambie kwa nini barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Vishikio vya nyumba hiyo vilitoka sanduku moja, vikafungwa na mkono mmoja, mwezi mmoja. Uliandika kwamba vingine vyote viko imara, hata cha jikoni. Nikashangaa. Chumba changu hakilali mtu. Kishikio cha chumba kitupu kinalegezwa na nani? Nikaendelea kusoma, na ukurasa wa pili, ukiwa kwenye habari za kuku wa jirani, ukataja tu kama kitu cha kawaida kwamba mama yako ndiye huwafukuza kuku hao, kwa sababu yuko upande huo kila asubuhi anapofungua dirisha la Mjomba hewa iingie, na kila jioni anapolifunga. Na kwamba hata mwaka ule wa homa alijikokota akalifungua.

Niliiweka barua mezani nikatoka nje kusimama.

Chiriku, mimi sikujua. Katika barua zake zote hakuniambia hata mara moja. Aliniandikia bei za vitu, misiba, harusi, nani kahama. Nilidhani chumba kimegeuzwa ghala la magunia siku nyingi, na sikuona ubaya. Kumbe mama yako amekuwa akiniandalia nyumba kila siku ya Mungu, tangu alipokuwa mwanamke kijana mpaka sasa anapotembea kwa kushika ukuta. Chuma kile hakikulegea kwa uzee. Kimelegezwa na mkono wa dada yangu.

Ukaandika kwamba dirisha linapofunguka lenyewe watoto hupiga mayowe na kukimbia, na mama hucheka na kuwaambia, "Acheni woga, ni kaka huyo, yuko njiani." Uliandika ili nicheke. Hilo halikunichekesha.

Na umeandika pia kwamba mwanao mkubwa amerudi na kichanga, na wanalala sebuleni nyuma ya pazia, na mtoto ameshikwa na kifua kwa sababu ya mlango unaofunguliwa alfajiri. Ulipomwomba mama yako chumba changu akakujibu, "Na kaka akifika alale wapi? Kibarazani, kama mgeni?" Hukuniomba kitu. Uliandika tu, ukaenda kwenye habari nyingine. Lakini mimi ni mjomba wako, nakufahamu tangu ulipokuwa ukipanda mabegani kwangu na kunivuta masikio kama hatamu. Najua ulikuwa unaniuliza kama nakuja.

Kabla sijajibu, hali ya mke wangu.

Amesahau. Yalianza majina, tukafanya mzaha. Halafu ikawa njia ya kwenda dukani. Sasa wanetu anawaita "wale vijana", anawakaribisha viti kwa adabu, wakiondoka ananiuliza ni watoto wa nani. Mimi siku nyingine ni mumewe, siku nyingine baba yake, siku nyingine mtu aliyekuja kutengeneza bomba. Hana ugomvi. Ila alikuwa na jambo moja: kila mchana alifunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kusimama mlangoni na mzigo wake, akitaka apelekwe nyumbani. "Hapa ni nyumbani," namwambia. "Wewe unaishi hapa," ananijibu, "mimi napita tu."

Mwaka jana akaanza kuinua vishikio. Yeye! Aliyenipiga makofi ya mkono miaka yote hiyo. Alikaa kwenye nyumba ya Sentimita kama bibi harusi kwa miezi michache tu kabla ya vurugu kutukimbiza. Hata mwaka haukutimia. Lakini kila kitu alichojifunza baada ya hapo kimemtoka, na mkono umebaki kule. Anakisukuma kishikio juu kwa nguvu zake zote mpaka skrubu zinang'oka. Nikatengeneza. Akang'oa. Nikatengeneza. Nikimwambia "Shusha, mama," ananitazama kama mwizi. "Nani amekigeuza?" anauliza. "Baba mkwe akija mtamwambia nini?" Siku moja mvua ilikuwa inaingia ndani, naye amesimama pale analia kwa sauti kwa sababu dirisha la mumewe halitaki kufungwa.

Basi nikafanya alivyofanya baba. Nilikitoa kishikio cha jikoni, ambacho dirisha lake linafungukia upande mwingine, nikakigeuza kichwa chini miguu juu, nikakifunga chumbani. Na cha chumbani nikakipeleka jikoni. Nikatia ngozi chini ya nati, kama nilivyokueleza. Msimamizi wa jengo akapita, akachungulia.

"Mzee, umefunga kinyume."

"Najua."

"Vyote?"

"Vyote viwili. Ni mtindo."

Akatikisa kichwa. "Mtindo wa wapi huo?"

Nilikuwa namtazama mke wangu. Alilisogelea dirisha, akakiinua kishikio, kikaenda juu kilaini, kikakamata. Akakipapasa. Kisha akageuka akakitazama kitanda, kabati, mlango, akaketi taratibu kama mtu aliyechoka sana.

"Afadhali tumefika," akasema. "Safari ilikuwa ndefu."

"Pole na safari," nikamwambia.

"Wifi yuko wapi?"

Wifi yake ni mama yako. "Ametoka kidogo," nikajibu.

"Akirudi mwambie nimelala."

Tangu siku ile hajafunga mzigo tena. Hasimami mlangoni. Analala mchana, anakula, anaimba hata. Asubuhi analifungua dirisha, anatazama ukuta wa jirani, na anachokiona huko Mungu ndiye ajuaye, maana huniambia maua ya mama yamechanua.

Najua utasema nini, kwa sababu umeshalisema kwenye barua ya mwaka jana: "Mlete, Mjomba, tutamuuguza wote." Mungu akulipe kwa moyo huo. Nilijaribu kitu kama hicho. Mwanangu mkubwa alituchukua kwake tukakae siku chache, ni mwendo mfupi tu. Alikaa kwenye ngazi na mzigo wake, hakula, akawa ananiita jina langu huku mimi nimemshika mkono. Ananiita, namjibu, ananitazama, anaendelea kuniita. Sijui kama nitaweza kukueleza jambo hilo lilivyonikata. Tuliporudi hapa alikwenda moja kwa moja dirishani, akainua, akalala.

Huko kwenu atawakuta nani? Mama yangu hayupo. Sentimita hayupo. Wifi yake anayemkumbuka ni msichana wa kuruka ukuta; atakutana na ajuza wa mkongojo, ataona ameletwa kwa watu baki. Na mimi nitakuwa nimemtoa nyumbani kwake mara ya pili. Mara ya kwanza tulitolewa, hatukuulizwa. Mara hii ningekuwa mimi.

Usiniandikie kwamba nisubiri mpaka baadaye. Baadaye ninaijua. Akitangulia yeye, atalala katika udongo wa huku, na simwachi pale peke yake. Nikitangulia mimi, hapana tena la kujadili.

Kwa hiyo mpe mjukuu wangu chumba changu. Kitanda ni kizuri, baba alikiunga bila msumari. Kaza tu kabari za miguuni. Vitabu nilivyoacha, kama mchwa wamebakiza kitu, wagawie wanaosoma. Kama shati langu bado limening'inia nyuma ya mlango, ni pamba nzuri, likatwe vitambaa vya mtoto. Dirisha nataka mama yako aendelee kulifungua asubuhi. Sasa patakuwa na kifua kidogo humo kinachohitaji hewa, na atasikia wivu akimwona mtu mwingine analigusa.

Barua hii msomee mama yako mchana, akiwa amekwisha kula, ninyi wawili tu. Soma taratibu kwenye sikio la kulia. Atakukemea kwanza wewe, atasema umenifundisha maneno. Mwache. Atauliza kama umeruka mstari, mwoneshe karatasi. Neno "labda" usilitie mahali popote. Najua utataka kulitia.

Nisalimie baba watoto, umwombe radhi kwa kumfanya apande juu ya meza na bisibisi wakati huu wa mvua. Nisalimie wanao, mmoja mmoja, na mama wa kichanga umwambie mjomba wa mama yake anamwombea mtoto pumzi nyepesi. Nisalimie jirani wa kuku. Nisalimie kaburi la mama na la Sentimita, uyapalilie kwa mkono wangu. Mungu awafunike, awape usingizi wa kutosha, na awazidishie kuzoeana, maana nyumba ikijaa watu huvumiliwa kwa kuzoeana.

Na hapa chini, ukifika, mpe karatasi mama yako aishike mwenyewe.

Dada yangu, nimesikia kazi uliyonifanyia. Hakuna mtu aliyewahi kungojwa vizuri kama ulivyoningoja mimi. Pumzika sasa. Sitarudi.

Ndimi kaka yako, na mjomba wa Chiriku,
ninayewapenda siku zote.